Bei ya Saa Moja ya Kusema: Kujifunza Lugha ya Kigeni kwa Kuipenda Tu

Mtu anayejifunza lugha ya kigeni kwa sababu anaipenda, bila mwajiri wa kumlazimisha wala viza anayoifukuzia, ndiye mteja anayeuziwa vitu vingi asivyovihitaji. Shule itamuuzia mtihani. Programu ya simu itamuuzia mwaka mzima kwa punguzo. Duka la vitabu litamuuzia kitabu cha mwanafunzi, cha mazoezi na cha sarufi, vyote siku moja. Na kwa kuwa hana cheti anachokisubiri, hana pia namna ya kujua kama fedha yake imefanya kazi. Ninataka kumpa kipimo kimoja, kisha nizipime njia zilizopo kwa kipimo hicho: saa moja ya kufungua mdomo wako mwenyewe na kuisema lugha hiyo inakugharimu kiasi gani?

Nimechagua kipimo hicho kwa sababu ya watu wa pwani. Nenda Malindi au Watamu usikilize Kiitaliano. Waitalia walijenga kituo chao cha anga cha San Marco kaskazini ya Malindi, kwenye Ghuba ya Ungwana, katika miaka ya 1960. Baada yao wakaja watalii, wenye hoteli na wastaafu walionunua majumba. Leo muuza vinyago, dereva wa tuktuk na mwenye mashua ya kukodisha wanapatana bei, wanatania na kugombana kwa Kiitaliano. Kiwengwa, upande wa mashariki wa Unguja, hali ni hiyo hiyo. Wengi wao hawajawahi kulipa ada wala kushika kitabu. Walicholipa ni muda, kila siku ufukweni, wakisema na kusahihishwa na mtu aliye mbele yao. Ukiwapa karatasi waandike barua utaona upungufu, hilo ni kweli. Lakini kwa mtu anayetaka lugha ili aongee na watu, wao wamefika mahali ambapo wanafunzi wengi wa darasani hawafiki.

Tuanze na urefu wa safari, maana hapo ndipo wateja wengi wanapopunjwa. Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha wanadiplomasia wa Marekani, kina makadirio yake yanayojulikana sana. Kiitaliano, Kifaransa na Kireno vimewekwa kwenye saa 600 hadi 750 za darasani. Kijerumani ni takriban saa 900, na Kiswahili kimo kundi hilo hilo. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni saa 2,200. Hesabu hizo ni za msemaji wa Kiingereza, na lengo ni mtu anayeweza kufanya kazi ya ubalozi. Wewe si wa kwanza wala wa pili. Vokali tano za Kiswahili hazikupi taabu ukiingia Kihispania, Kiitaliano wala Kijapani. Aliyesoma madrasa utotoni anaijua tayari hati ya Kiarabu, kazi ambayo mwenzake wa Ulaya huilipia wiki kadhaa za mwanzo.

Lengo lako nalo ni dogo zaidi. Katika mizani ya Baraza la Ulaya iliyochapishwa mwaka 2001, inayoanzia A1 na kuishia C2, ngazi ya B1 inamtosha kabisa anayejifunza kwa mapenzi yake. Ukiwa B1 unasimulia safari yako, unalalamikia chumba cha hoteli, unafuata mazungumzo ya mambo unayoyafahamu. Cambridge hukadiria saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili kuifikia B1 ya Kiingereza. Chukua namba hiyo kama kadirio la jumla, kisha soma tangazo linaloahidi ufasaha kwa miezi mitatu ya vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki. Hizo ni saa 52. Unachouziwa ni A1.

Sasa darasa. Alliance Française, iliyoanzishwa Paris mwaka 1883, ina matawi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Goethe-Institut, ya Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi. Kwa Kichina, Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake. Ada hupanda na kushuka, kwa hiyo tutumie namba za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Wewe weka bei ya mjini kwako, hesabu haibadiliki. Tuseme ngazi moja ni Sh 480,000 kwa vipindi 24 vya saa mbili. Hiyo ni Sh 10,000 kwa saa, na kwa macho inaonekana bei nzuri. Darasani mko 15. Mwalimu akichukua nusu ya kipindi kueleza, zinabaki dakika 60, yaani dakika nne za kusema kwa kila mtu. Mwisho wa muhula umesema kwa dakika 96. Kila saa ya kusema imekugharimu Sh 300,000.

Lakini badilisha jambo moja tu. Mwalimu awagawe wawiliwawili kwa dakika 40 za kila kipindi, mmoja aulize na mwenzake ajibu. Hapo kila mtu anasema dakika 20 badala ya nne. Kwa muhula mzima ni saa nane, na bei ya saa ya kusema inashuka hadi Sh 60,000. Ada ni ile ile, jengo lile lile, kitabu kile kile. Ndiyo maana naona ni kosa kulinganisha shule kwa ada iliyobandikwa ukutani. Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kukaa nyuma darasani kwa kipindi kimoja, uwe na saa mkononi. Tazama ni nani anayesema. Shule yenye uhakika na walimu wake haitakunyima ruhusa hiyo, na ikikunyima, umepata jibu bila kutoa shilingi.

Nisiwe na upendeleo: darasa lina vitu ambavyo kipimo changu hakivioni. Mwanzoni kabisa, sauti zisizokuwepo katika Kiswahili zinahitaji sikio la mtu aliyesomea kazi hiyo. Toni nne za Kimandarini, u ya Kifaransa inayosemwa kwa midomo iliyobanwa, ch ya Kijerumani: ukizikosea miezi mitatu ya mwanzo utazikosea miaka kumi. Darasa pia humfaa anayejijua kwamba bila ratiba hatasoma. Na kuna maktaba. Onleihe, maktaba ya kidijitali ya Goethe-Institut, ni bure kwa aliyejisajili, na upande wa Kifaransa iko Culturethèque, ambayo Alliance nyingi huwapa wanachama wao. Mtu anayelipia muhula halafu hagusi maktaba ameacha nusu ya bidhaa dukani. Ushauri wangu ni kulipia ngazi moja, labda mbili, kwa ajili ya matamshi na msingi wa sarufi, kisha kuihamishia fedha mahali penye maongezi zaidi.

Mtihani wa mwisho wa ngazi ni gharama ya pembeni, na kwa anayejifunza kwa starehe haina haja. Ukiwa na mawazo ya mbali ya kwenda kusoma nje, angalia kwanza cheti kinadumu muda gani. Cheti cha DELF cha Kifaransa hakiishi muda wake. Matokeo ya TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, na ya IELTS ya Kiingereza huhesabiwa kwa miaka miwili tu. Anayefanya leo mtihani wa miaka miwili kwa safari ambayo hajaipanga anaitupa fedha hiyo.

Kwa Kifaransa kuna njia isiyotangazwa popote, na ndiyo ninayoiona bora kuliko zote kwa fedha yake. Kifaransa kinachotufikia huku hakitoki Paris peke yake. Kinatoka Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi, miji ambako mtu husomea shule kwa Kifaransa na kununua nyanya kwa Kiswahili. Watu wa miji hiyo wako Dar es Salaam, Kigoma, Nairobi na Kampala: wafanyabiashara wanaofuata mizigo, wanafunzi, wanamuziki, wakimbizi, waumini wa makanisa yenye ibada ya Kifaransa. Wapo kati yao waliokuwa walimu kwao. Wengine hawajawahi kufundisha lakini wana subira na wanahitaji kipato. Ulizia makanisani, ulizia kwa mafundi cherehani, ulizia ofisi za mawakala wa mizigo. Haichukui wiki.

Somo huenda hivi. Mnakaa mahali patulivu kwa saa moja. Unaanza kusimulia kwa Kifaransa ulivyokwenda sokoni jana. Unakwama, unauliza, "Mwalimu, nikitaka kusema alinipunguzia bei, nasemaje?" Anakupa sentensi, unairudia mara mbili, unaendelea na masimulizi. Hakukatizi kwa kila kosa, anaandika pembeni. Ikifika dakika ya 40 anageuza daftari upande wako: sentensi nane au kumi, zote zako, zimenyooshwa. Anazisoma taratibu, unamrekodi kwa simu. Siku nne zinazofuata unazisikiliza ndani ya daladala na kuzirudia kwa sauti ya chini mpaka zikukae mdomoni. Katika saa hiyo umesema dakika 30 au zaidi. Ukimlipa Sh 15,000, saa yako ya kusema imekugharimu Sh 30,000, nusu ya lile darasa zuri na sehemu moja ya kumi ya lile baya.

Faida nyingine ni kwamba maelezo yanakuja kwa Kiswahili. Vitabu vingi vya lugha vinavyouzwa huku viliandikwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza, na hutumia kurasa nyingi kumzoesha wazo kwamba kivumishi hubadilika kufuata nomino yake. Wewe umekuwa ukibadilisha vivumishi tangu ulipoanza kusema. Ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsia mbili za Kifaransa. Mwalimu wa Bukavu analijua hilo bila kuambiwa, naye hulipita kwa dakika tano.

Kuna ya kuangalia. Asiyesomea ualimu anaweza kukwepa sarufi, kwa hiyo uwe na kitabu kimoja cha kufuata na umwonyeshe sura mnayosoma. Utamsikia akisema septante na nonante kwa 70 na 90, kama wasemavyo Ubelgiji, ilhali kitabu cha Ufaransa kina soixante-dix na quatre-vingt-dix. Zote ni sahihi, ila jua tofauti ili usibabaike ukisikiliza redio. Hatari kubwa ni ninyi wawili kuteleza mkaongea Kiswahili, kwa sababu ni rahisi na kuna habari nyingi za kupeana. Wekeni saa mezani: dakika 45 za Kifaransa mtupu, kisha soga. Na tafadhali, usimpunje. Mtu akiwa mkimbizi si sababu ya kumpa nusu ya bei. Mlipe kama unavyomlipa mwalimu wa tuisheni ya hesabu wa mtaa huo huo, na umlipe siku hiyo hiyo.

Kwa Kiarabu, jirani wa kukufundisha kwa namna hiyo yuko mbali kidogo, Muscat. Familia nyingi za Oman zenye asili ya Zanzibar na mwambao bado zinaongea Kiswahili nyumbani, na familia nyingi za pwani zina shangazi au binamu huko. Hapa uamuzi wa kwanza si wa fedha: unataka fusha ya vitabu na taarifa za habari, au Kiarabu cha sebuleni? Aliyepita madrasa ana mlango wa fusha tayari, na vitabu vitatu vya Madina vya V. Abdur Rahim, vilivyotungwa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, vinapatikana bure mtandaoni. Lakini fusha haitakuwezesha kufuata maongezi ya jikoni kwa shangazi. Anayetaka undugu aanze na lahaja ya Oman kwa simu, dakika 20 kila Ijumaa, na amwombe mtoto wa nyumba hiyo awe mwalimu. Watoto husahihisha bila kuona haya.

Anayetaka Kijerumani, Kikorea au Kireno na hana jirani atakwenda kwenye masoko ya walimu mtandaoni. Mawili makubwa ni italki, iliyoanza mwaka 2007, na Preply, iliyoanza mwaka 2012. Kwa mteja yanafanana mpaka usome namna ya kulipa. italki hukuuzia somo mojamoja. Preply, baada ya somo la majaribio, hukuingiza kwenye malipo ya kila wiki nne yanayojirudia yenyewe. Anayejifunza kwa starehe ana wiki za msiba, za harusi, za mfungo na za mvua. Kwake somo mojamoja ni salama zaidi. Tofauti nyingine iko upande wa mwalimu. italki hukata asilimia 15 ya bei. Preply huchukua fedha yote ya somo la kwanza na mwanafunzi mpya, kisha hukata asilimia 33, ikishuka hadi 18 kadiri mwalimu anavyoongeza saa. Mtu anayeruka kutoka somo la majaribio hadi jingine, leo kwa huyu kesho kwa yule, anawafanyisha kazi watu wasiopata hata senti. Jaribu wawili, chagua mmoja, tulia naye.

Bei za huko zinatofautiana sana kwa mwalimu na kwa nchi. Kwa mfano wa dola 10 kwa saa, na tukihesabu dola kwa Sh 2,500, somo ni Sh 25,000; ukisema nusu yake, saa ya kusema ni Sh 50,000. Tena kuna bando. Mkutano wa Zoom wa watu wawili wenye picha hula kuanzia MB 540 hadi zaidi ya GB 1.5 kwa saa, kulingana na ubora wa picha. Sauti tupu haifiki MB 40. Salamu za mwanzo zifanyeni kwa picha, halafu mzime kamera. Somo halipungui kitu, na sikio linafanya kazi zaidi. Kulipa si tatizo kama zamani: Kenya kuna kadi ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na Tanzania mitandao ya simu hutoa kadi za aina hiyo. Weka kwenye kadi kiasi cha somo moja tu, ili malipo yanayojirudia yasikute kitu.

Kuna bidhaa moja ambayo wasomaji wa makala haya wanayo tayari na hawaitumii. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Osaka, Beijing, Seoul, London, Paris, Leipzig na Napoli. Wanafunzi wa huko wanahangaika kupata mtu wa kuongea naye, na wewe unahangaika kupata wa Kijapani, Kichina, Kikorea, Kijerumani au Kiitaliano. Tandem na HelloTalk ni programu za simu zinazowakutanisha watu wa namna hiyo, na huduma zake za msingi ni bure. Dakika 30 kwa lugha yako, dakika 30 kwa yake. Gharama ni bando la sauti tu, na kwa kipimo changu hakuna kinachoishinda.

Mbona basi wengi hawaipendi? Kwa sababu wanaiingia kama maongezi ya kawaida. Baada ya salamu na swali la hali ya hewa, kimya. Mwandikie mwenzako mapema mada ya juma: jinsi bibi yako alivyokuwa akipika, mechi ya Simba na Yanga, bei ya nyumba kwao. Kila mmoja amwandikie mwenzake sentensi tano, msahihishane kabla ya kuongea. Mwenzako ni mwanafunzi kama wewe, kwa hiyo asiye na msingi wowote asianzie hapa. Njoo ukiwa umefika A2. Na kwa sababu watu huzitumia programu hizi kutafutia wapenzi na wengine kutapeli, weka sheria: anayeomba fedha au kukuhamishia haraka kwenye mtandao mwingine, achana naye siku hiyo. Wanawake hasa wachague mwenza mwanamke kwenye vichujio vya utafutaji.

Programu za kujifunzia peke yako nitazipitia upesi, kwa sababu kwenye kipimo cha kusema zinapata kidogo. Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, inajenga mazoea ya kila siku, na toleo la bure linatosha; toleo la kulipia huondoa matangazo na vizuizi, halikupi mtu wa kuongea naye. Kozi nyingi kwenye programu hizi zimejengwa juu ya Kiingereza, na mwenye Kiingereza cha kubahatisha atajikuta anajifunza lugha mbili kwa mpigo. Pimsleur, ya kusikiliza na kujibu kwa sauti, ni bora zaidi kwa mdomo, lakini ni takriban dola 20 kwa mwezi, fedha ambayo kwa jirani wa Bukavu inanunua saa tatu. Anki ndiyo ninayomshauri kila mtu. Inakurudishia sentensi unayotaka kukumbuka kila inapokaribia kusahaulika. Ni bure kwenye Android na kwenye kompyuta, na kwenye iPhone hulipiwa mara moja tu dola 24.99. Usiweke humo maneno pwekepweke. Weka zile sentensi kumi za daftari la mwalimu, pamoja na sauti yake.

Vya kusikiliza havihitaji kununuliwa. NHK ya Japani ina masomo 48 ya Kijapani yaliyotayarishwa kwa Kiswahili, ya dakika kumi kila moja, yakimfuata Tam, mwanafunzi kutoka Vietnam anayeishi Tokyo. Kitu cha namna hiyo, cha bure, chenye maelezo ya Kiswahili, ni nadra mno, na anayesitasita kati ya Kijapani na Kikorea ningemwambia hicho peke yake ni sababu ya kuanza na Kijapani. Deutsche Welle ina Nicos Weg, kozi ya video ya A1 hadi B1 juu ya kijana wa Kihispania anayewasili Ujerumani na kupoteza begi lake. RFI hutoa kila siku taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, pamoja na maandishi yake. Kwa sauti ya kawaida ni kati ya MB 5 na 10, kwa hiyo mwezi mzima ni chini ya MB 300. TV5Monde ina mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi. Kwa kitabu, pita kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wa Posta jijini Dar es Salaam au wa "Inama" Nairobi. Kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1995 kina sarufi ile ile. Kilichozeeka ni kaseti zake tu. Tena kozi za zamani za Foreign Service Institute ni mali ya umma, na ziko mtandaoni na sauti zake, bure. Zinachosha, lakini kwa kurudiarudia miundo ya sentensi hazina mpinzani.

Nikipewa Sh 60,000 kwa mwezi nizigawe, ningezigawa hivi. Kwa mwenye jirani: masomo matatu ya Sh 15,000, jumla Sh 45,000, bando la sauti Sh 5,000, Sh 10,000 zinazobaki ziwekwe pembeni kwa kitabu cha mtumba au tiketi ya filamu ya Kifaransa. Kwa asiye na jirani: masomo mawili ya nusu saa mtandaoni, Sh 25,000, kubadilishana lugha mara mbili kwa wiki, bando Sh 10,000, zinazobaki zirundikwe mpaka zifikie ada ya ngazi moja ya darasa linalofundishwa wawiliwawili. Mwenye Sh 10,000 tu ana NHK au RFI, ana Anki, na ana mwenzake wa Osaka au wa Paris kwenye simu. Akidumu nao atamzidi kusema mwenye Sh 480,000 anayesubiri dakika zake nne.

Na ukiamua kwenda shule, yaulize haya mapokezini kabla ya kutoa fedha. Darasa lina watu wangapi leo, si kwa kawaida. Wasipofika idadi ya chini, muhula unaahirishwa au fedha inarudi, na inarudi kwa siku ngapi? Mwalimu akiugua anakuja mwingine, au saa zinafidiwa? Kitabu kimo ndani ya ada, au ni gharama nyingine? Ngazi moja ya cheti, A1 kwa mfano, imekatwa vipande vingapi vya kulipia? Shule moja huita A1 muhula mmoja, nyingine huikata mitatu, na hapo ndipo ada ndogo ya tangazo hugeuka kuwa kubwa. Majibu yaandikwe kwenye stakabadhi au yatumwe kwa WhatsApp, na kama wanakubali malipo kwa awamu, lipa awamu ya kwanza tu mpaka umekaa vipindi vinne ukiwa na saa yako mkononi.